Mbaazi za nazi zina kosa gani?
Dadangu, umeuliza kama mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kibaya. Mimi sahani moja siipigi muhuri wa uzuri au ubaya. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi za kutosha. Tui ndilo lenye mafuta mengi, na hamri nalo limeogelea kwenye karai. Lakini mahamri mawili ya hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, si sawa na sita ya anayeshinda kitini, tena na chai ya sukari vijiko vinne! Hata Shirika la Afya Duniani likisema chumvi iwe chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, hesabu hiyo ni ya siku nzima, si ya sahani moja. Soda ndiyo sina la kuitetea.