Asilimia 97 Iliyoniaibisha Mbele za Watu

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja aliye mwaka wa tatu chuoni. "Kaka, shikamoo. Nimetengeneza modeli ya kutabiri nani atashindwa kurejesha mkopo wa SACCOS. Nimeijaribu kwa wakopaji 2,000, usahihi ni asilimia 98. Naweza kuanza kuipeleka kwenye ofisi za watu?"

Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na swali hilohilo, ila sikuwa na wa kumuuliza. Nilikwenda tu. Kilichonipata huko sijawahi kukiandika popote, na leo nakiandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaojifunza uainishaji, yaani kuifundisha programu (modeli) kwa mifano ili ipange vitu kwenye makundi, na kuota siku mtakayoonyesha kazi zenu mbele za wakubwa.

Yote yalianza na mama yangu. Yuko Morogoro, na mwaka ule alikuwa anaezeka vyumba viwili vya kupangisha. Alikuwa amekubaliana na fundi kumtumia shilingi 180,000 za mabati. Asubuhi ileile ikaingia meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii, laini yangu inasumbua." Akatuma. Tapeli hakumjua mama wala fundi. Meseji kama hiyo hurushwa kwa watu wengi, na siku zote katika hao wengi hapakosi mtu anayedaiwa hela asubuhi hiyo. Mama hakuniambia mpaka wiki tatu zimepita. Aliona aibu, na aibu yake ndiyo iliyonichoma kuliko hela.

Nikaapa kutengeneza kitu cha kumlinda.

Nilikusanya meseji kutoka simu yangu, za ndugu na za majirani walioniamini. Nilifuta majina, nikafuta nakala zinazojirudia, nikabaki na 4,000. Nilikaa usiku nikiziwekea alama moja moja: salama au utapeli. Za utapeli zilikuwa 160. Nikatenga 800 za kujaribia, zilizobaki nikazitumia kuifundisha modeli.

Njia niliyochagua inatokana na kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa 1763, yeye akiwa ameshafariki. Njia yenyewe ni nyepesi. Kila neno lililomo kwenye meseji linapiga kura yake bila kujali maneno mengine: hili nimeliona zaidi kwa matapeli, hili nimeliona zaidi kwa watu wema. Kura zinazidishwa pamoja, jibu linatoka. Barua pepe taka zimechujwa kwa njia hii miaka mingi, na kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache tu. Ikanipa asilimia 97. Nililia machozi, kweli kabisa. Nilimpigia mama nikamwambia nimemaliza.

Siku ya kuonyesha, nilivaa shati jeupe nikaingia kwenye ofisi ya kampuni moja hapa Dar, watu saba mezani. Niliongea vizuri. Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Ndipo dada mmoja wa huduma kwa wateja akatoa simu yake akasema, "Kaka, jaribu na hii, imeingia leo." Akanisomea nami nikaandika:

"Habari, mimi mwenye nyumba wenu. Kodi ya mwezi huu mtume kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu."

Skrini ikaandika SALAMA.

Kuna aliyecheka. Mkurugenzi akasema, "Asante kijana, tutakutafuta." Mpaka leo hawajanitafuta, na bado nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Usiku ule ndipo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilichukua zile meseji 800 za majaribio nikazipanga katika visanduku vinne: utapeli uliokamatwa, utapeli uliopita, njema zilizopita na njema zilizosingiziwa. Za utapeli zilikuwa 32. Modeli ilikamata 9. Ilizipitisha 23. Meseji njema moja ikasingiziwa. Makosa 24 kati ya 800, ndiyo hiyo asilimia 97.

Sasa fikirini. Mtu asiyejua lolote, akiandika SALAMA kwenye kila meseji bila hata kuisoma, anapata 768 kati ya 800. Asilimia 96. Miezi minne ya kukesha ilikuwa imenipa asilimia moja juu ya kutofanya kitu.

Na ile meseji ya mwenye nyumba? Niliifuatilia neno kwa neno. "Habari", "mwezi", "mke wangu" yalijaa kwenye meseji za kawaida za familia. Lakini lililoniumiza ni "mtume". Kwenye data yangu neno hilo lilikuja na meseji za Ijumaa na za Ramadhani tu, zile zinazoanza "Mtume amesema". Modeli ikalihesabu kuwa neno la watu wema kabisa. Ilijua "itume", ilijua "tuma", lakini kwayo "mtume", "utume" na "nitumie" ni maneno mengine kabisa yasiyo na undugu na hayo. Kiswahili chetu hujenga neno kwa viambishi, na mimi nilikuwa nimefuata masomo yaliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Juu ya hapo, kwa kuwa meseji njema zilikuwa 96 kwa kila 4 za utapeli, kila meseji ilianza hesabu ikiwa na nafasi 24 kwa 1 ya kuonekana njema kabla neno hata moja halijapiga kura.

Wiki mbili zilizofuata nilizipoteza kwa kubadilisha algoriti, yaani njia ambayo modeli hutumia kujifunza. Nilijaribu mti wa maamuzi, nikajaribu majirani wa karibu, nikajaribu msitu wa miti mingi aliouleta mtakwimu Leo Breiman mwaka 2001. Msitu ulikamata 11. Nasema kwa uchungu: msikimbilie algoriti mpya kabla hamjasoma makosa ya ile ya zamani.

Kilichosaidia ni mambo matatu. Nilikata maneno vipande vya herufi tatu hadi tano, ili "tum" ionekane kwenye "itume", "mtume" na "nitumie" pia. Nilihamia regresheni ya lojistiki, njia inayolipa kila kipande uzito wake na kutoa uwezekano wa utapeli, na kuipa kila meseji ya utapeli uzito mkubwa zaidi wakati wa kufundisha. Na nilishusha kizingiti, yaani kiwango cha uwezekano ambacho kikifikiwa meseji inaitwa utapeli, modeli ishtuke mapema. Kwenye meseji zilezile 800 ikakamata 29 kati ya 32. Ikasingizia 37, nyingi zikiwa za aina ya "mtumie mdogo wako ada". Makosa yakawa 40, usahihi ukashuka hadi asilimia 95. Chini ya yule mtu anayeandika SALAMA kila mahali! Na hii ndiyo iliyo kwenye simu ya mama leo. Haifuti meseji, inaweka alama nyekundu tu, na mama akiiona anampigia mhusika kabla ya kutuma. Kupiga simu 37 zisizo za lazima ni kazi ndogo ukilinganisha na mabati ya 180,000. Zile za kweli anazipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040.

Msidhani ni meseji tu. Picha za majani ya mihogo ambazo maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere iliziweka kwenye mashindano ya mwaka 2020 zinajulikana na wengi wenu. Kwenye 21,397 za kufundishia, 13,158 ni za ugonjwa wa batobato. Modeli inayojibu "batobato" kwa kila jani inapata zaidi ya asilimia 61, huku mkulima ambaye mihogo yake ina ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, akibaki bila msaada. Someni makosa yenu, ndugu zangu. Yafungueni moja moja, muyasome kwa sauti. Tumezoea kubandika asilimia kubwa kwenye wasifu na kupongezana, na nyuma ya ile asilimia ndogo iliyobaki kuna mama wa mtu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, marahaba. Asilimia 98 ya wakopaji 2,000 ina maana umekosea kwa watu 40. Kabla ya ofisi yoyote, nijibu hili: kati ya hao 2,000, walioshindwa kulipa walikuwa wangapi? Kama nao ni 40, inawezekana modeli yako haijamkamata hata mmoja. Futa majina na namba za simu, unitumie orodha ya hao 40 uliowakosea. Jumamosi asubuhi nina nafasi, tutaisoma pamoja.