Mbona nyonga huvunjika zaidi kaskazini? Majibu kwa wasomaji kuhusu mifupa, viungo na misuli

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini ugonjwa fulani wa mifupa au viungo unawaandama watu wa upande mmoja wa dunia kuliko wengine? Nimechagua sita.

Daktari, nimesoma kwamba Norway, Sweden na Denmark hutumia maziwa kwa wingi, lakini ndiko watu wanakovunjika nyonga zaidi. Sasa kalsiamu ina faida gani?

Ulichosoma ni kweli. Nchi hizo zimekuwa juu kabisa kwenye orodha kwa miaka mingi, na hata tofauti za umri zikisawazishwa katika hesabu, pengo linabaki. Lakini usiyatwishe maziwa lawama. Majira ya baridi jua ni haba huko, na bila jua ngozi haitengenezi vitamini D. Watu ni warefu, na shingo ndefu ya mfupa wa paja huvunjika kwa urahisi zaidi mtu akianguka. Kazi nyingi pia hufanywa mtu akiwa ameketi.

Sasa tazama upande wa pili. Nchini Nigeria jua lipo mwaka mzima, lakini wako watoto wanaopata matege kwa sababu chakula chao kina kalsiamu kidogo mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mfupa unataka vyote viwili, na unataka kubebeshwa kazi. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, popote alipo.

Je, ni kweli mtu mweusi hapati ugonjwa wa mifupa kudhoofika? Mama yangu alivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu, tukaambiwa ni uzee.

Hapana, si kweli, na imani hii inawaumiza watu. Chanzo chake kimojawapo ni hesabu zilizofanywa Johannesburg na kuchapishwa mwaka 1968, zilizoonyesha kwamba Waafrika walivunjika nyonga mara chache sana. Hesabu za karibuni za Afrika Kusini zimepata idadi kubwa kuliko zile, ingawa bado iko chini ya ile ya Wazungu wa nchi hiyo hiyo. Fikiri pia ni nani aliyehesabiwa. Bibi aliyevunjika akalala ndani, au akapelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa, hakuingia kwenye daftari la hospitali yoyote. Mashine za kupima uzito wa mifupa nazo ni chache mno katika nchi nyingi za Afrika, na ugonjwa usiopimwa huonekana kana kwamba haupo.

Mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu ni onyo, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Mama apimwe. Mwelezeni daktari wake kama amewahi kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kama hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au kama anatumia ARV zenye tenofovir, kwa sababu dawa hiyo hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi. Dawa za VVU asiziache kamwe. Daktari ndiye atakayeamua kama zibadilishwe.

Nimechuchumaa maisha yangu yote na sasa magoti yanauma. Ndicho chanzo?

Huenda ni sehemu ya chanzo. Watafiti waliwalinganisha wazee wa Beijing na wale wa Framingham, Marekani. Wanawake wa Beijing walikuwa na magoti yaliyolika zaidi, na waliochuchumaa saa nyingi ujanani ndio walioathirika zaidi. Ajabu ni kwamba kulika kwa nyonga kulikuwa nadra sana Beijing. Miili ileile, kiungo kimoja kimechakaa na kingine kimesalimika!

Punguza kuchuchumaa kwa muda mrefu, lakini usiache kutembea. Imarisha misuli ya mbele ya paja. Ukiwa na uzito uliozidi, kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, na watu wa visiwa vya Pasifiki husemwa kuwa wanaugua gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla, kwa ulafi. Ni haki?

Si haki hata kidogo. Wengi wao wamerithi vinasaba vinavyofanya figo na utumbo zishindwe kutoa ipasavyo asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo ikizidi kwenye damu huleta gauti. Chakula na pombe huongeza tatizo, lakini mzizi uko kwenye damu ya ukoo. Aibu huwafanya wagonjwa wachelewe kutafuta dawa za kushusha asidi hiyo, na dawa hizo hutumika kwa muda mrefu, hata siku ambazo kidole gumba cha mguu hakiumi.

Kwetu Bonde la Ufa wazee wamepinda migongo na viungo vimekakamaa. Tunachemsha maji ya kisima, lakini hakuna nafuu.

Huenda chanzo ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ambayo yakizidi kwa miaka mingi huharibu mifupa na viungo. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuanzia Ethiopia hadi Tanzania hupita hapo. Kisima kipimwe. Maji ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto, yawe ya mvua au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa. Mgongo uliokwisha kupinda haunyooki, kwa hiyo ya watoto yasingoje.

Nina miaka 72, kuinuka kwenye kiti ni kazi. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mwaka 1990 wazee kumi wa makao ya wazee huko Boston, wenye umri wa karibu miaka 90, walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane, na nguvu za mapaja yao zikazidi maradufu. Wewe anza na kiti hichohicho, kikiegemezwa ukutani. Inuka na uketi polepole mara tano, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Ukiweza bila kushika, ongeza hadi kumi. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha na umwone daktari siku hiyohiyo.