Bibi yako alikuwa anacheka na nani

Mwanangu,

Picha nimeiona na ujumbe wako nimeusoma. Unauliza bibi alikuwa anacheka na nani pale pwani ya Lindi, na kama ukiitia rangi kwa programu ya simu mambo yataonekana vizuri zaidi. La rangi ni jepesi, nilimalize. Programu haijui kanga ya bibi ilikuwa ya rangi gani, inabahatisha tu. Kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zenye mng'ao sawa hutoka kijivu kilekile, na kijivu hicho hakina namna ya kukwambia kilitoka wapi. Ukitaka kuchezea, chezea nakala. Ile yenyewe usiiguse.

Hilo la nani nitalijibu kwa njia yangu. Wewe umeanza na uso, kama watu wote. Uso ukishakuteka unaanza kutunga: hapa amefurahi, hapa anamwonea mtu haya. Nimekwambia tangu unajifunza kushika kamera, anza na kingo.

Itoe kwenye fremu taratibu, lakini kwanza hakikisha haijashikana na kioo. Kwa joto na unyevu wa pwani, ule utando wa juu, ambao ni jelatini, hulainika na kugandia kioo. Ukivuta, bibi anabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Kama imeshika, iskani na kioo chake. Kama haijashika, chukua rula.

Mpiga picha aliyempiga bibi alikuwa na kamera ya mkanda wa 120, ile ya kutazamia kwa juu, inayotoa picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Picha zake zote tulizonazo kwenye sanduku la bati ni mraba, 9 kwa 9, na zina ukanda mweupe pande zote nne. Hii ya bibi ina urefu wa 9 na upana wa sita na nusu. Ukanda mweupe uko juu, chini na kushoto. Kulia hakuna. Pitisha ukucha: kingo tatu ni laini kwa kuwa zilikatwa kwa mashine, ya nne ina mawimbi madogo na nyuzi za karatasi zimechomoza. Huo ni mkasi.

Mkasi wa nani unaujua. Ilikuwa arobaini ya babu yako, nyumba imejaa, mjomba wako mkubwa akatoka chumbani na fremu imeshafungwa kwa nyuma. Nikamuuliza kipande kingine kiko wapi, akasema fremu ilikuwa ndogo. Alisema mbele ya watu, na mimi mdogo wake ningesema nini? Fremu ndiyo hiyo iliyo mikononi mwako, ipime. Inaingiza picha ya 10 kwa 15. Pande zote pangebaki nafasi.

Tuendelee. Iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, upate zaidi ya nukta 4,000 kwa urefu, kisha ikuze pale mkasi ulipopita. Kuna vidole vinne vimeshika mkono wa kikapu cha ukili, na bibi ameshika mkono wa pili wa kikapu hichohicho. Wawili wamebeba mzigo mmoja. Kwenye kifundo cha mkono wa huyo mwingine kuna saa. Kwa jinsi vidole vilivyokaa, mtu huyo alikuwa anatukabili, na mkono ulio upande wa bibi ni wa kulia.

Usikimbilie hapo. Negativu, ule mkanda uliosafishwa ambao picha huchapwa kutoka kwake, ina pande mbili, wa kung'aa na wa dawa, na wa dawa ndio unaotakiwa kutazama karatasi wakati wa kuchapa. Fundi akiigeuza, kulia kunakuwa kushoto, na hakuna anayegundua mpaka aone maandishi. Bahati nzuri nyuma ya bibi kuna mwanamke ametupa mgongo, na jina la kanga yake linasomeka: WEMA HAUOZI. Tazama E na Z, maana herufi nyingine zote hapo ukizigeuza zinabaki vilevile. Zimekaa sawa. Basi saa kweli ilikuwa mkono wa kulia.

Mkono wa kulia wa bibi, ule usio na kikapu, umefifia, lakini uso ni mkali. Shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ilikuwa ya polepole, kama moja ya sitini ya sekunde: inatosha kwa uso uliotulia, haitoshi kwa mkono unaopunga. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko kicheko. Mtu aliyeambiwa asimame apigwe picha hubana mikono mapajani. Hii ni picha ya kushtukiza. Kicheko peke yake kinadanganya. Ile picha ya Robert Doisneau, vijana wawili wanabusiana njiani Paris mwaka 1950, watu waliitundika ukutani miaka mingi wakijua ni ya kushtukiza, mpaka ikaja kujulikana kwamba aliwaomba wabusiane.

Sasa chini. Lile doa la kahawia shangazi yako husema ni chai. Si chai. Karatasi zile za zamani zisizo na plastiki zilitaka saa nzima kwenye maji yanayotiririka baada ya dawa ya kugandisha. Maji yakiwa ya ndoo, na ndoo haibadilishwi mara za kutosha, dawa inabaki ndani ya karatasi na miaka ikipita inakula madini ya fedha yaliyotengeneza picha. Huanza manjano, huishia kahawia. Haliondoki kwa kusugua wala kwa pamba yenye maji, kwa hiyo usijaribu. Na anga kuwa jeupe pe hakumaanishi palikuwa na mawingu. Mkanda ule unapokea bluu kwa wingi, na bila kichujio cha njano kwenye lenzi anga na bahari vinaungana. Jua lilikuwepo, vivuli vinaonekana.

Vivuli ndivyo nilivyotaka ufike. Bahari ya Lindi iko mashariki ya mji. Vivuli hapa vinatoka baharini vinakuja kwetu, vimelalia kushoto, basi ni asubuhi. Kivuli cha bibi karibu kinalingana na urefu wake, na kwa Lindi hiyo ni kama saa tatu na ushei. Uso wake hauko gizani ingawa jua liko nyuma kwa sababu mchanga mweupe umeurudishia mwanga. Kisha hesabu vivuli: bibi, mwanamke wa kanga, na cha tatu kinachoingia kutoka upande wa mkasi. Mkasi ulimwondoa mtu, kivuli chake ukakisahau. Kichwa cha kivuli kina ukingo mpana pande zote. Pama.

Babu yako unamjua. Kofia yake ilikuwa ya viua, na saa hakuvaa mpaka anazikwa. Wewe unajua na mimi najua nani kwenye ukoo wetu alikuwa wa mashoto na akivaa saa kulia.

Lakini nani anasema ni yeye? Kaka yake bibi wa Mikindani naye alikuwa na pama. Yule hakuwa wa mashoto, ni kweli, ila saa huvaliwa mkono wowote kamba ikikatika. Na kubeba kikapu na mtu si kosa, nusu ya Lindi imebebeana vikapu. Najijibu hivyo, halafu najiuliza, kama si kitu, mkasi ulikuwa wa nini?

Unaona ninavyovutwa. Ndiyo maana sisemi. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe kwenye kambi ya wachuma mboga California, jina hakuliandika, na baadaye akaeleza kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ipate chakula. Yule mama, Florence Owens Thompson, alikuja kujulikana kwa jina mwaka 1978, na watoto wake walikana habari ya matairi. Uso ule dunia nzima iliujua, na habari yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Zitazame picha za Tendaguru, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mstari wa wapagazi, mifupa mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mnyama amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, jina lake limeandikwa. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, angalau tunalo jina lake. Wale wabebaji wengi hawana. Watu hutazama ule mfupa mkubwa katikati. Mimi hutazama kingo: kuna anayegeuka nyuma, kuna mguu wa mtu ambaye mwili wake haumo. Ningependa kujua yule aliyegeuka aliitwa na nani. Kumtungia jina siwezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Geuza picha, ulaze tochi ya simu pembeni kabisa, karibu sambamba na karatasi: penseli iliyofutika huacha mfereji, na mwanga wa pembeni huutia kivuli. Ukiona tarakimu, niandikie, kwa kuwa maduka ya picha ya zamani yaliandika namba ya mkanda nyuma. Usiirudishe ikagusana na kioo. Kata kadibodi uizungushie kama dirisha, na isiwekwe ukuta unaopigwa na jua la jioni. Zile nyingine zitoe kwenye albamu ya kurasa za kunata kabla gundi haijazimaliza, uziweke kwenye bahasha za karatasi. Si nailoni, huku kwa unyevu huu zitaota ukungu.

Na mjomba wako anakuja Mtwara msimu wa korosho. Mtu wa kujibu swali lako ni yeye, si mimi. Usimuulize kwa simu, na usimuulize mkiwa na watu. Mpelekee fremu na rula.

Wasalimie watoto na mama yao.

Mama yako