Rekodi ya ushindi mwingi msimu mmoja ni ya Radbourn

Katika besiboli, ushindi wa timu huandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja, yule anayemrushia mpigaji mpira. Je, mrushaji mwenye ushindi mwingi zaidi katika msimu mmoja ni Cy Young? Hapana, si yeye. Young ana rekodi ya maisha yote ya uchezaji, ushindi 511. Ya msimu mmoja ni ya Charles Radbourn, mrushaji wa timu ya Providence Grays ya Marekani, mwaka 1884. Mrushaji mwenzake, Charlie Sweeney, aliondoka timuni Julai, basi Radbourn akabeba karibu mechi zote zilizobaki. Mkono wake uliteseka! Na ubingwa wakachukua.

Ukikuta ushindi wake wa msimu huo umeandikwa 59 kwingine na 60 kwingine, usishangae: kuna mechi aliingia katikati, timu ikiwa tayari inaongoza. Mwandishi wa matokeo alimpa yeye ushindi, ila kwa kanuni za leo ungekuwa wa mrushaji aliyeanza mechi. Mimi nashika 59.