Risasi Zinapokwama kwenye Bunduki ya Bolti: Majibu kwa Wawindaji

Majaribio yote yanayotajwa hapa yafanywe kwa risasi bandia zisizo na baruti wala kiwashio, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama.

Swali: Fundi, natumia bunduki ya risasi za .375 H&H. Nikipakia haraka kwa ajili ya pigo la pili, bolti (chuma kinachovutwa na kusukumwa kuingiza risasi) hufunga chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa risasi, ikiwa tupu ilhali magazini ina risasi. Je, ninunue springi mpya?

Jibu: Subiri kwanza. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa takriban milimita 91, wakati ile ya .30-06 inafikia takriban 85, kwa hiyo bolti yake husafiri mbali zaidi, na mkono uliozoea bunduki fupi husimama kabla bolti haijapita nyuma ya kitako cha risasi iliyo juu. Ikisukumwa kutoka hapo, bolti huteleza juu ya risasi bila kuishika. Pakia risasi bandia, uvute bolti mpaka igonge kizuizi chake cha nyuma, kisha uisukume kwa nguvu ile ile. Zikiingia zote, tatizo ni mkono, na mazoezi yafanywe bunduki ikiwa begani, kwa sababu mezani kila mtu huvuta vizuri. Ikiwa bolti bado inairuka risasi ya mwisho hata ukivuta kikamilifu, ndipo springi ishukiwe.

Swali: Ncha ya risasi hugonga chini ya mdomo wa chemba. Rafiki yangu anashauri tuupige tupa ule mteremko unaoiongoza risasi kuingia chemba.

Jibu: Tupa iwekeni mbali, kwa kuwa chuma kilichoondolewa hakirudi, na kazi ya kugusa chuma ni ya fundi mwenye leseni. Sukuma bolti polepole utazame risasi inasimama wapi. Ikiwa imeinama tangu ndani ya magazini, fungua bamba la chini na ukague springi: kwenye bunduki nyingi za mtindo wa Mauser, ile bunduki ya Kijerumani, ncha zake mbili hazifanani, na aliyeisafisha akairudisha kinyume hukifanya kisahani kinachoinua risasi kiiname mbele. Kagua pia risasi zenyewe. Zenye ncha laini hubonyea kwa kugonga ukuta wa mbele wa magazini kila bunduki inaporudi kwa kishindo, na iliyobonyea haipandi mteremko vizuri. Kama zenye ncha ya mviringo zinaingia na zenye ncha bapa zinakwama, badilisha aina ya risasi.

Swali: Mauser yangu ya zamani hupakia vizuri kutoka magazini, lakini nikitia risasi moja kwa mkono ndani ya chemba, bolti hugoma kufunga.

Jibu: Hiyo si hitilafu. Katika muundo wa Mauser wa mwaka 1898, kucha ndefu ya bolti, yaani ndoano inayoikamata risasi, huushika ukingo wa risasi pale inapoinuka kutoka magazini. Haikuundwa iruke ukingo wa risasi iliyokwisha kukaa chemba, na ukiilazimisha inaweza kuvunjika. Ibonyeze risasi hiyo kwenye magazini kwanza.

Swali: Kwenye Remington 700 yangu, risasi mbili hugongana.

Jibu: Hapa usitumie nguvu hata kidogo. Kucha fupi ya bunduki hiyo hushika risasi bolti inapokamilisha safari yake ya mbele tu. Ukisita katikati na kuvuta tena, risasi ya kwanza hubaki mbele na ya pili husukumwa nyuma yake, ncha ikikielekea kiwashio cha mwenzake. Vuta bolti nyuma, uondoe risasi ya pili pamoja na zote zilizomo kwenye magazini, kisha ufunge bolti kikamilifu ili iikamate iliyobaki na kuitoa. Wanaofuata nyati hupendelea kucha ndefu kwa sababu hii, na kampuni ya Winchester ilipoiondoa kwenye bunduki yake ya Model 70 mwaka 1964 wawindaji wengi walinung'unika, nami naona walikuwa na haki.

Swali: Tangu masika, bolti imekuwa nzito na risasi zinapanda kwa shida.

Jibu: Huenda mbao ya kitako imevimba na kulibana sanduku la magazini, ambalo linapaswa kucheza kidogo. Hakikisha bunduki ni tupu, ulegeze skrubu za chini. Bolti ikiwa nyepesi, umeshapata chanzo. Skrubu ya mbele iliyo ndefu kupita kiasi nayo huikwaruza bolti.

Swali: Je, nipake risasi mafuta ziteleze?

Jibu: Hapana. Ganda hushika kuta za chemba kavu wakati wa mlipuko. Chemba ikiwa na mafuta, nguvu ya mlipuko huishia kwenye bolti. Tone moja nyuma ya meno ya bolti, yale yanayoifunga isirudi nyuma, linatosha.