Re: Kumkubalia mtu kwa Kihispania, "sí" peke yake haitoshi

Mdogo wangu wa Tukuyu uliyeuliza utamkubaliaje mgeni kwa Kihispania maana unajua sí (ndiyo) tu, mi napeleka wageni Ruaha na Isimila kutokea hapa Iringa na Wahispania nimewabeba sana, kwa hiyo nakupa ninayoyatumia.

Kinachotusumbua zaidi sisi ni swali la kukanusha. Kwetu mtu akiuliza "hamna maji?" unajibu "ndiyo, hamna", umekubaliana na alichosema basi. Mhispania akikuuliza ¿No hay agua?, yaani hamna maji?, na kweli hamna, jibu ni no, hapana. Ukisema sí anaelewa maji yapo, kuna dereva nilimshuhudia kajibu hivo mgeni akashuka na chupa yake kwenda kutafuta maji sehemu kavu kabisa.

Hapohapo ndo zinaingia también ("pia", ya kumuunga mtu aliyesema ndiyo) na tampoco ("pia" ya kumuunga aliyekanusha), hizi kariri mapema kuliko zote. Mko Kitulo kwenye baridi mgeni anasema Tengo frío, nasikia baridi, na wewe unatetemeka, mwambie Yo también. Akisema No tengo hambre, hana njaa, na wewe huna, ni Yo tampoco, también hapo haikai. Halafu akitumia gusta, neno la kupenda kitu, mwanzo unabadilika: Me gusta el café, napenda kahawa, unajibu A mí también, No me gusta, siipendi, unajibu A mí tampoco, yo unaiacha kabisa. Hapa hata waliokaa darasani wanateleza so rudia rudia mpaka mdomo uzoee.

Pale ambapo sisi tungesema "sawa" tu, mtu wa Hispania anasema vale, tena utaisikia siku nzima, wa Meksiko órale au sale, wa Ajentina dale, wa Kolombia listo. We anza na de acuerdo, inaeleweka kote. Claro que sí, yaani ndiyo kabisa, nayo naipenda sana, ina uchangamfu, mgeni anaona unamsaidia kwa moyo.

Ukikubaliana na hoja yake sema Estoy de acuerdo, usiseme soy. Au Tienes razón, uko sahihi, kama ni rika lako, kwa mzee au mtu usiyemzoea ni Tiene razón, heshima wanaijali.

Ukipata mwenzako wa kufanya naye mazoezi muulizane maswali ya kukanusha tu, ¿No tienes agua? (huna maji?), ¿No quieres café? (hutaki kahawa?), na mjibu harakaharaka.