Kumtoa Mwigizaji Kwenye Nafasi Yake: Barua za Wasomaji na Majibu

Barua tano za mwezi huu, kutoka Arusha na Moshi, zinagusa jambo moja ambalo limewahi kuvunja vikundi vingi vya maigizo vya mitaani: nafasi imeshatolewa, na sasa mtu anataka kuibadilisha.

SWALI: Shikamooni. Naongoza kikundi cha maigizo hapa Ngarenaro, Arusha. Tunaonyesha katikati ya Julai, zimebaki wiki nne. Nafasi tuligawa mwezi wa nne. Mhusika mkuu tulimpa kijana mwenye kipaji kweli, mmoja wa waanzilishi wa kikundi, na ngoma tunazopiga ni zake. Lakini ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na katika mazoezi 12 yaliyopita amekosa 5. Wenzake wananung'unika. Nikimtoa, nitakuwa nimemdhulumu?
*Mwongozaji, Ngarenaro*

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Kabla ya kumhesabia mazoezi aliyokosa, hesabu kwanza mara ulizomwonya. Je, umeshakaa naye ukamwambia waziwazi kwamba akiendelea kukosa, nafasi itakwenda kwa mwingine? Kama hujawahi, basi bado huna haki ya kumtoa, hata kama kikundi kizima kimekasirika. Manung'uniko ya wenzake hayahesabiwi kuwa onyo. Huenda hata hakuyasikia, maana alikuwa mlimani.

Angalia pia kalenda yenu. Mwezi wa nne ni masika, wageni ni wachache, na wapagazi na madereva wa safari wengi wako nyumbani. Mtu kama huyo atahudhuria kila zoezi na utaamini atakuwa hivyo hadi mwisho. Kuanzia Juni msimu unafunguka. Anapigiwa simu usiku, asubuhi yuko getini. Njia ya Marangu inakula siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8. Kikundi kikifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, safari moja tu imeshameza mazoezi mawili au matatu, na hapo ndipo mkate wake ulipo. Kwa Arusha na Moshi, swali la "Julai utakuwa wapi?" linapaswa kuulizwa siku ya usaili na jibu liandikwe. Hamkuliuliza, kwa hiyo unapokwenda kuzungumza naye usiende kama mshitaki.

Nenda wiki hii, lakini. Mmebakiwa na mazoezi 12. Mwombe akutajie tarehe atakazokuwepo kwa uhakika. Mhusika aliye jukwaani karibu mchezo mzima anahitaji, kwa kipimo tunachokiamini, mazoezi yasiyopungua 8 kati ya hayo, na matatu ya mwisho, yale ya kupitisha mchezo wote na maleba (mavazi ya jukwaani), yawe ndani yake. Akiweza, mwandikiane tarehe hizo na mwendelee. Akisema "tutaona", hilo ni jibu la hapana, ingawa limesemwa kwa upole. Mpe siku tano azungumze na kampuni yake, basi. Ukimpa zaidi ya hapo utakuwa unamhurumia yeye kwa gharama ya atakayempokea, ambaye muda wake unazidi kukatika.

Kuna njia za katikati zinazofaa kujaribiwa. Unaweza kusogeza mazoezi ya matukio yake yafuatane na siku anazoshuka mlimani. Unaweza kumbadilishia na mtu mwenye mhusika anayetokea mara mbili tu. Watu wawili kugawana mhusika mmoja, huyu Ijumaa na yule Jumamosi, inavutia masikioni lakini hatuipendekezi kwa wiki nne: kila mmoja anahitaji mazoezi kamili, na wale wanaoigiza nao wanajikuta wanamsubiri mmoja upande wa kushoto huku mwingine anaingilia kulia.

Ikibidi kumtoa, mweleze ana kwa ana, kabla mtu mwingine yeyote hajajua, ukiwa na kiongozi mmoja wa kikundi ambaye kijana anamheshimu. Usimweleze kwenye kundi la WhatsApp, wala mbele ya wenzake baada ya zoezi, wala kwa kumtuma rafiki yake. Sema uamuzi ndani ya dakika mbili za kwanza. Kosa la kawaida ni kuanza na sifa ndefu za kipaji chake, au kujifanya unaomba ushauri wakati umeshaamua. Akigundua, na atagundua, hatakuamini tena. Mwulize angependa wenzake waambiwe nini. "Ratiba ya kazi haikuruhusu" inatosha. Kisha waambie siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu ukichelewa mtaa utatunga sababu yake wenyewe. Usimtupie nafasi ndogo papo hapo kama fidia. Subiri siku mbili tatu, hasira ipoe, ndipo umwulize kama anaitaka.

Ngoma zake lazima zizungumzwe kando. Zikiwa sababu ya kumwogopa, mmeziweka rehani. Mwambie wazi kwamba yuko huru kuzichukua, na muwe tayari kukodi au kuazima nyingine.

Sasa anayepokea. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibikiwa, kwa sababu vinadhani kazi imeisha pale jina linapobadilishwa. Tuseme mhusika ana mistari 140. Kwa mistari 20 kwa siku, siku saba zinatosha, lakini ajifunze pamoja na mtu anayemsomea mstari unaotangulia wake. Anayekariri maneno yake peke yake atayajua yote na bado atasimama kimya jukwaani, kwa kuwa hajui ni neno gani linalomwita. Mazoezi mawili ya kwanza atembee na mswada mkononi, akiwa na msimamizi wa jukwaa na wale tu anaozungumza nao. Manne yanayofuata pitieni tukio kwa tukio. Kuanzia la saba mswada ukae chini.

Na asilazimishwe kumwiga aliyeondoka. Wenzake wamezoea mahali fulani pa kucheka na kimya cha urefu fulani, watataka avirudie vilevile. Wakatazwe. Panapokuwa na ugomvi, kuanguka au mtu kubebwa, anzeni upya kabisa, polepole, kama vile hamjawahi kulifanya tukio hilo: urefu na uzito wa mtu mpya ni tofauti, na mkono uliokuwa unapita juu ya kichwa cha yule unaweza kutua kwenye taya la huyu. Maleba yakunjwe na kushonwa kwa mkono, yasikatwe. Mpagazi wenu anaweza kuhitajika tena mwakani, na shuka la lubega tu ndilo lisilojali kimo cha mvaaji.

Ukikosa mwanamume wa kumpokea, mwanamke anaweza kuigiza mhusika mwanamume bila kugusa maneno, na hilo ni uamuzi wako. Ila ukimgeuza mhusika mwenyewe awe mwanamke, ukabadili majina na mistari, umebadili kazi ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo omba ruhusa kwake au kwa warithi wake, kwa maandishi.

SWALI: Niko Majengo, Moshi. Kikundi chetu kinaigiza mchezo wa elimu ya afya kwa mfadhili. Hatukupewa mswada, tuliutunga wenyewe kwa kuigiza papo kwa papo. Mhusika mlevi nilimtengeneza mimi, na wimbo anaouimba ni wangu. Juzi nimeona kwenye kundi la WhatsApp orodha mpya, jina langu halipo. Aliyechukua nafasi ni mchumba wa mwongozaji. Nina haki gani?
*Mwigizaji, Majengo*

JIBU: Pole sana, ndugu. Namna ulivyotendewa ni mbaya, na tunasema hivyo hata kabla ya kujua kama mwongozaji alikuwa na sababu ya maana. Sababu nzuri haiwezi kuitakasa njia hiyo. Tena, mwenye kunufaika na uamuzi hakupaswa kuwa mwenye kuamua. Mwongozaji alitakiwa kukaa pembeni na kuwaachia mwenyekiti na katibu wapime, hata kama mchumba wake ndiye bora kuliko wote.

Tutenganishe yaliyo yako na yasiyo yako. Nafasi yenyewe si mali yako. Inakabidhiwa kwa ajili ya mchezo na inaweza kurudishwa. Namna ulivyomfanya mlevi achechemee, akikohoa kabla ya kudanganya, nayo ukubali kuiachia, maana mwenzako hawezi kusahau alichokiona, na hakuna kikao kitakachoweza kuipima. Lakini wimbo ulioutunga ni kazi yako. Kikundi kikitaka kuendelea kuuimba, kikuombe na kikutaje. Mchezo uliotungwa na kikundi kizima una watunzi wengi, na wewe ni mmoja wao iwe uko jukwaani au hauko: jina lako libaki kwenye orodha ya waliotunga, na linaposomwa kabla ya onyesho lisomwe. Posho na nauli za siku ulizohudhuria, kama ndivyo mlivyokubaliana na mfadhili, hazifutwi kwa kuondolewa. Nguo zako urudishiwe.

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa katibu, ukitaja tarehe ulizofanya mazoezi, unachodai na unachoomba kuelezwa. Usiweke matusi wala habari za uchumba kwa maneno ya mitaani. Andika tu kwamba mwamuzi alikuwa na maslahi. Omba kikao. Soma katiba ya kikundi. Vikundi vilivyosajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) huwa na katiba, na mara nyingi imo sehemu ya nidhamu na rufaa ambayo hakuna aliyeifungua tangu siku ya usajili. Mkishindwana, afisa utamaduni wa manispaa anaweza kuwakalisha pamoja.

Usifiche kaseti, simu yenye rekodi za mazoezi wala vifaa ili kuwakomoa. Ukifanya hivyo kikao kitazungumzia kosa lako, na lao litafunikwa.

SWALI: Nimepewa nafasi aliyokuwa nayo rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Nikubali?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Mwulize mwongozaji jambo moja: "Ameshaambiwa?" Kama bado, usikubali na usimwambie wewe, mpe mwongozaji hadi kesho amalize kazi yake. Akishaambiwa, mpigie rafiki yako kabla ya zoezi lako la kwanza. Usimwombe ruhusa, kwa kuwa utamlazimisha aseme "chukua tu" na moyo unamuuma. Mwarifu kwamba umeombwa na umekubali. Msamehe akikata simu.

SWALI: Naigiza msichana wa kidato cha pili katika mchezo wetu hapa Pasua, Moshi. Nina mimba ya miezi minne, na onyesho ni baada ya miezi miwili. Mwongozaji ameniambia "dada, wewe pumzika" na kumwita mtu mwingine. Mimi sijisikii kuchoka.
*Mwigizaji, Pasua*

JIBU: Hongera, dada. "Pumzika" bila kuulizwa ni kukutoa kwa lugha tamu, na unayo haki ya kukataa kuamuliwa kuhusu mwili wako. Kama nguvu zinatosha, hilo utalijua wewe na wahudumu wa kliniki unakohudhuria. Waeleze hasa unachofanya jukwaani: unaruka? unaangushwa? unasimama saa ngapi kwenye joto la ukumbi wa bati?

Lakini tusikufiche. Mwongozaji wako ana hoja moja ambayo alipaswa kuisema. Mimba ikifika miezi sita tumbo litaonekana, na chochote kinachoonekana jukwaani watazamaji wanakihesabu kuwa sehemu ya hadithi. Sare ya shule na tumbo vikikutana, ukumbi mzima utaona mchezo wa mimba za wanafunzi, hata kama ninyi mnaigiza habari ya ardhi. Sweta pana na madaftari kifuani vinasaidia mtu anayetokea mara moja na kuondoka. Kwa aliye mbele ya watu dakika 50 havitoshi, na wewe utashinda ukifikiria tumbo badala ya mwenzako unayezungumza naye.

Ungekuwa unaigiza mama, shangazi, mwalimu au muuza ndizi, kusingekuwa na sababu yoyote ya kukuondoa. Kwa hiyo dai kubadilishana: wewe uchukue mmoja wa hao, na mwenye nafasi hiyo avae sare. Miezi miwili ni muda mwingi wa kufanya hivyo kwa utulivu. Kuwe na kiti na maji nyuma ya pazia, na matukio ya kuanguka yaondolewe. Sababu ya mabadiliko isitangazwe na mtu mwingine. Habari ya mimba yako utaitoa wewe, siku utakayotaka. Mwongozaji huyo anakudai radhi, na tungependa aisome hapa.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la saba na ndiye mhusika mkuu wa mchezo wa watoto hapa Usa River. Onyesho limepangwa wiki ya kwanza ya Septemba. Nataka kumtoa lakini analia.
*Mama, Usa River*

JIBU: Mama, mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na aliyepanga tarehe hiyo alipaswa kuliona hilo. Ombeni kwanza onyesho lisogezwe hadi Oktoba. Kwa mchezo wa watoto mara nyingi kinachozuia ni ukumbi tu, na ukumbi huulizwa. Isipowezekana, mtoeni sasa Juni. Mtoto akitolewa Agosti atakuwa amepoteza mchezo na muda wa kusoma pia.

Aambiwe na wewe pamoja na mwongozaji, wote mkiwa mmekaa, na asikie kutoka kwa mwongozaji kwamba hakukosea chochote. Msimdanganye kwamba atarudishiwa baadaye. Mwachieni alie. Halafu mpeni zoezi moja la mwisho la kukabidhi: amshike mwenzake mkono, amwonyeshe pa kuingilia, pa kusimama, na lile neno la mwenzao ambalo likisemwa tu, zamu yake imefika.